Bisi za maikrowevu: mfuko una nini, na kipi cha kuogopa zaidi ukiwa Dodoma

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Ilazo, Dodoma. Nina watoto watatu: mkubwa ana miaka 9 na ana pumu, wa pili ana miaka 3, mdogo ana miezi 4 na bado namnyonyesha. Tangu tununue maikrowevu, pakiti mbili tatu za bisi zinaliwa hapa nyumbani kila wiki, na mimi ndiye mlaji mkubwa. Sasa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi tumetumiwa ujumbe kwamba mfuko wa bisi hizo una kemikali za saratani na mvuke wake unaharibu mapafu. Je, ni kweli? Nizitupe zilizobaki? Niache kunyonyesha? Na nikianza kupika mwenyewe kwa sufuria, au kununua za mtaani, ndiyo nitakuwa salama?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na majibu mafupi, sababu zifuate. Usiache kunyonyesha. Pakiti zilizobaki kabatini hazihitaji kutupwa kwa woga, ila usizinunue tena kwa mazoea. Huyo wa miaka 3 asipewe bisi kabisa, za pakiti wala za sufuria. Na ukihamia kwenye mahindi ya bisi ya sokoni, uwe na macho makali kuliko ulivyokuwa na pakiti, kwa sababu sumu iliyowahi kuua watu mkoani Dodoma haikutoka kwenye mfuko wa maikrowevu. Ilitoka kwenye mahindi.

Ujumbe mliotumiwa una ukweli ndani yake, lakini umechanganya mambo mawili yasiyo ndugu. La mapafu linatokana na kionjo cha siagi kinachovutwa puani. La saratani linatokana na kemikali inayowekwa kwenye karatasi ya mfuko ili mafuta yasivuje. Njia za kuingia mwilini ni tofauti, na kinga zake ni tofauti. Maikrowevu yenyewe iache nje ya kesi hii: mawimbi yake yanapasha joto maji yaliyo ndani ya chakula, na ukizima yanakoma. Hayabaki kwenye bisi.

Habari ya mapafu

Mwaka 2000, daktari mmoja nchini Marekani alitoa taarifa ya watu wanane waliokuwa na ugonjwa adimu wa mapafu, wote wakiwa wamewahi kufanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha bisi za maikrowevu huko Jasper, jimbo la Missouri. Ugonjwa wenyewe unaitwa bronkiolitisi obliteransi. Vijia vidogo kabisa vya hewa, vile vya mwisho ndani ya pafu, vinaumia, vinapona kwa makovu, na makovu yanaviziba. Mgonjwa anakuwa na kikohozi kikavu, anaishiwa pumzi akipanda ngazi, na dawa za kuvuta za pumu hazimsaidii sana. Makovu hayo hayafutiki. Baadhi ya wafanyakazi wale walifikia hatua ya kuorodheshwa kwa ajili ya kupandikizwa mapafu.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilichunguza kiwanda, na mshukiwa mkuu akawa diasetili, kemikali inayoipa siagi harufu yake. Ipo kiasili kwenye siagi na kwenye maziwa yaliyochachuka, na kuila hakujaonekana kuleta ugonjwa huu. Tatizo ni kuivuta. Huchemka kwenye nyuzi joto 88 tu, kwa hiyo pale kiwandani, walipokuwa wakikoroga kionjo kwenye matangi ya mafuta ya moto, mvuke wake ulikuwa unawapanda usoni zamu nzima, siku baada ya siku. Waliougua zaidi walikuwa wachanganyaji hao. Mwaka 2016 NIOSH ilipendekeza mfanyakazi asivute zaidi ya sehemu 5 za diasetili katika sehemu bilioni moja za hewa kwa wastani wa zamu. Ni kiwango kidogo sana, na kinakuonyesha wanavyoichukulia.

Je, mlaji wa nyumbani? Mwaka 2007 daktari bingwa wa mapafu wa Denver aliiandikia mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, kuhusu mgonjwa asiyefanya kazi kiwandani. Mtu huyo alikuwa akila pakiti kadhaa kwa siku, kwa miaka mingi, na alipenda kuuvuta mvuke pakiti inapofunguliwa. Ulaji wenu wa pakiti mbili tatu kwa wiki hauko karibu na hapo. Mwaka huohuo wa 2007 watengenezaji wakubwa wa Marekani walianza kuiondoa diasetili kwenye bisi zao. Baadhi ya vionjo vilivyoingia badala yake vina pentanidioni, ambayo ni ndugu wa diasetili na kwenye majaribio ya wanyama imeumiza njia za hewa vilevile. Kwa hiyo maneno "haina diasetili" kwenye pakiti usiyachukulie kama cheti cha kuvuta mvuke.

Kwa mtoto mwenye pumu kuna jambo lenye uzito zaidi ya ugonjwa huo adimu, nalo ni muwasho wa kawaida. Vipimo vilivyofanywa na shirika la mazingira la Marekani vilionyesha kwamba sehemu kubwa ya kemikali za kionjo hutoka pale mfuko unapofunguliwa, si wakati bisi zinapasuka. Huo mvuke, na zaidi moshi wa bisi zilizoungua, unaweza kumwamshia pumu. Usifungue pakiti mbele ya uso wako wala wake. Iache itulie dakika tano kaunta, dirisha likiwa wazi, ndipo ukate upande mmoja ukiwa umeuelekeza mbali na watu. Wanaogombania kufungua pakiti "ili wasikie harufu" wakatazwe. Pakiti ikiungua, usiifungue ndani ya nyumba. Zima maikrowevu, acha mlango wake umefungwa mpaka moshi utulie, kisha itoe nje ikiwa imefungwa.

Habari ya mfuko

Chukua mfuko uliokwisha kutumika uuchane. Upande unaolala chini utaona bamba la rangi ya kijivu, gumu kidogo kuliko karatasi nyingine. Hiyo ni filamu ya poliesta iliyopakwa alumini nyembamba mno, ikabanwa katikati ya karatasi mbili. Kazi yake ni kunyonya mawimbi na kuwaka joto kuzidi nyuzi 200, ili mafuta yaliyoganda yayeyuke na punje zipasuke kwa pamoja. Punje ya bisi hupasuka ikifika karibu nyuzi 180. Kwa hiyo ndani ya mfuko mna karatasi, gundi, mafuta na chumvi, vyote kwenye joto la kukaangia. Hakuna kifungashio kingine jikoni kwako kinachoteswa namna hiyo.

Karatasi tupu isingevumilia. Mafuta yangevuja miezi kadhaa kabla pakiti haijauzwa. Ndiyo maana kwa muda mrefu karatasi hizo zilitiwa kemikali za kundi linaloitwa PFAS. Ni maelfu ya kemikali zenye minyororo ya kaboni iliyoshikana na florini, na muungano huo ni mgumu kuvunjika kuliko karibu miungano yote ya kaboni. Zinakataa maji na mafuta kwa pamoja, sifa ambayo vitu vichache sana vinayo. Ubaya wake unatoka hapohapo: hazivunjiki kwenye udongo, kwenye maji, wala mwilini. Moja inayojulikana zaidi, PFOA, huchukua takriban miaka miwili hadi minne kwa damu ya mtu kupunguza nusu ya kiasi kilichopo.

Zinahama kutoka karatasini kwenda kwenye chakula? Ndiyo, na mafuta ya moto ndiyo yanayozibeba vizuri. Utafiti wa wanasayansi wa FDA uliochapishwa mwaka 2005 ulipima vifungashio na vyombo mbalimbali, na mifuko ya bisi za maikrowevu ilikuwa miongoni mwa vilivyokuwa na kiasi kikubwa. Mwaka 2019 watafiti wengine walichambua takwimu za Wamarekani zaidi ya 10,000 zilizokusanywa kati ya 2003 na 2014, wakaona waliokula bisi za maikrowevu kila siku walikuwa na viwango vya baadhi ya PFAS kwenye damu vilivyo juu kwa asilimia 39 hadi 63. Angalia vizuri: kila siku, mwaka mzima, tena kwa mifuko ya enzi zile.

Kuhusu saratani, mwishoni mwa 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka PFOA kwenye Kundi la 1, yaani ushahidi kwamba inaweza kusababisha saratani umetosheleza. Kundi hilo linapima uhakika wa ushahidi, halipimi ukubwa wa hatari. Tumbaku imo, mionzi ya jua imo, na sumu nitakayoizungumzia mbele imo pia. Saratani inayotajwa zaidi ni ya figo na ya korodani, na sehemu kubwa ya ushahidi ilitoka kwa watu walioishi jirani na kiwanda cha kemikali karibu na Parkersburg, West Virginia, waliokunywa maji yenye PFOA kwa miaka. Kwenye viwango vya chini zaidi, mambo yanayoonekana kwa uthabiti ni kolesteroli kupanda, watoto kuzaliwa na uzito pungufu kidogo, na chanjo kuzalisha kinga hafifu kuliko inavyotakiwa. Mimi hilo la chanjo ndilo linanifanya niwashauri wajawazito na wanaonyonyesha wapunguze. Saratani inatisha zaidi kusikia, lakini kwa mlaji wa kawaida iko mbali zaidi.

Ndiyo, PFAS hupita kwenye maziwa ya mama. Na bado madaktari wa watoto wanashikilia kwamba uendelee kunyonyesha, kwa kuwa faida ya maziwa yako kwa mtoto wa miezi 4 ni kubwa mno kuliko kiasi hicho, na maziwa ya kopo yanahitaji maji ambayo nayo yana maswali yake. Hakuna dawa, juisi wala chai ya kusafisha PFAS mwilini. Anayekuuzia anakuibia. Unachoweza ni kupunguza inayoingia.

Hali ya mifuko yenyewe imebadilika. FDA ilifuta ruhusa ya PFAS tatu za minyororo mirefu mwaka 2016, Denmark ikapiga marufuku PFAS kwenye vifungashio vya karatasi vya chakula kuanzia Julai 2020, na Februari 2024 FDA ikatangaza kwamba kemikali za aina hiyo za kuzuia mafuta hazizalishwi tena kwa ajili ya kuuzwa kwenye vifungashio vya chakula Marekani. Viwanda vingi sasa vinatumia karatasi ambayo nyuzi zake zimesagwa na kubanwa mpaka matundu yanafungika zenyewe. Lakini rafu zetu zina bidhaa za nchi nyingi, na sheria za huko hazilingani. Soma pakiti: imetengenezwa wapi, lini, na kama imeandikwa wazi kwamba mfuko hauna PFAS. Maneno "haina PFOA" peke yake ni ya kijanja, kwa sababu PFOA ni moja tu kati ya maelfu.

Kuna jaribio la nyumbani linalokupa fununu, si uthibitisho. Kata kipande cha mfuko kisichoguswa na mafuta, kilaze, dondoshea tone dogo la mafuta ya zeituni upande wa ndani. Likisimama duara kama shanga na kuteleza ukiinamisha karatasi, kuna uwezekano mkubwa imetiwa PFAS. Likitandaa, hata kama halipenyi upesi, huenda ni karatasi iliyobanwa tu.

Zilizobaki kabatini ukiamua kuzimaliza, zipike bila kukaa mbali na maikrowevu. Muda ulioandikwa kwenye pakiti umekadiriwa kwa nguvu fulani ya mashine, na mashine yako inaweza kuwa na nguvu zaidi. Zima mara milio inapoachana kwa sekunde mbili. Zimimine kwenye bakuli mara baada ya kutulia, zisikae zikipoa ndani ya mfuko wenye mafuta. Mabaki ya mafuta yaliyoganda chini ya mfuko yaache hukohuko, maana ndiyo yaliyokaa karibu zaidi na karatasi. Usirudishe mfuko kwenye maikrowevu kupasua punje zilizobaki: hapo ndipo unapowaka.

Ukipika mwenyewe

Kwanza, usijaribu ule ujanja wa mitandaoni wa kutia punje kwenye mfuko wa kaki wa dukani na kuuweka kwenye maikrowevu. Mifuko hiyo mara nyingi ni ya karatasi iliyorejelezwa, yenye wino na gundi zisizokusudiwa joto, na inashika moto. Ukitaka kutumia maikrowevu, tumia bakuli kubwa la kioo kinachohimili joto, weka robo kikombe cha punje bila mafuta, funika kwa sahani ya kauri ukiacha upenyo mdogo wa mvuke. Dakika mbili na nusu hadi nne zinatosha. Bakuli litakuwa la moto sana, lishike kwa kitambaa kikavu. Chombo cha plastiki au melamini kisiingie.

Sufuria ndiyo naipenda zaidi. Chukua ya lita 5 yenye kitako kizito, ya alumini au ya chuma. Ukiwa na kikaango kisichoshika chakula, usikiache kwenye moto kikiwa kitupu, kwani utando wake huanza kutoa gesi mbaya joto likizidi nyuzi 260, na sufuria tupu hufika huko haraka kuliko unavyodhani. Weka vijiko vitatu vya chakula vya mafuta na punje tatu, ufunike. Zikipasuka zote tatu, mimina nusu kikombe cha mahindi ya bisi, tikisa, toa motoni kwa sekunde 30, rudisha. Hizo sekunde 30 zinaziwezesha punje zote kufikia joto karibu sawa, zipasuke kwa pamoja badala ya za kwanza kuungua zikisubiri za mwisho. Mfuniko uache upenyo mdogo. Ukiziba kabisa, mvuke unarudi kwenye bisi na zinakuwa kama mpira. Tikisa kila baada ya sekunde chache, toa milio ikiachana kwa sekunde mbili. Chumvi iwe laini na itiwe mwishoni, ya mawe hudondoka chini yote.

Mafuta nayo yana neno. Sisi wa Dodoma na Singida tuna alizeti, na wengi wananunua yale ya kukamua mashineni, ya rangi nzito na harufu ya mbegu. Ni mazuri kwa mboga, si kwa bisi. Hayajasafishwa, huanza kutoa moshi mapema sana kabla punje haijafika joto la kupasuka, na moshi huo una akrolini, ile inayochoma macho na koo. Kwa mtoto mwenye pumu umeondoa mvuke wa pakiti ukaleta moshi wa sufuria. Kwa bisi tumia alizeti iliyosafishwa, inayohimili zaidi ya nyuzi 200. Na jiko la mkaa lisitumike ndani ya chumba kilichofungwa.

Mahindi yenyewe

Hapa ndipo ningependa wazazi wa lile kundi la WhatsApp wasome mara mbili.

Katikati ya mwaka 2016 watu walianza kuugua ghafla katika wilaya za Chemba na Kondoa mkoani Dodoma na Kiteto mkoani Manyara: macho ya manjano, matumbo kuvimba, kutapika. Waliorekodiwa walikuwa 68, na 20 walifariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu aina ya aflatoksini kwenye mahindi waliyolima na kuhifadhi wenyewe. Sumu hiyo hutengenezwa na fangasi wa jamii ya Aspergillus, ambao hupenda mmea ulioteswa na ukame na joto, kisha hupata nafasi zaidi nafaka inapoanikwa chini kwenye udongo au kuhifadhiwa ikiwa na unyevu. Kanda ya kati ina yote mawili. Ikiliwa nyingi inaua ini kwa siku chache. Ikiliwa kidogokidogo kwa miaka inaleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini B, na inahusishwa na watoto kudumaa. Nayo imo Kundi la 1 la IARC, imekaa humo miaka mingi.

Joto la kupasulia bisi haliiondoi. Aflatoksini huanza kuvunjika kwenye nyuzi 237 hivi na kuendelea, wakati punje yako imekwisha kuchanua kwenye 180. Kwa hiyo bisi nzuri, nyeupe na yenye harufu tamu inaweza kutoka kwenye gunia baya. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa mahindi katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, na 5 za aina ya B1. Hicho hakipimwi kwa jicho. Lakini uchambuzi wa mkono unapunguza sana, kwa sababu sumu haikai sawasawa kwenye gunia. Mara nyingi imejikusanya kwenye punje chache mbovu.

Mwaga punje kwenye ungo, kwenye mwanga wa jua, upete kwanza uondoe vumbi na vipande. Kisha chagua kwa mkono. Toa zilizovunjika, zilizotobolewa na dumuzi, zilizosinyaa, zenye madoa ya kijivu, kijani au nyeusi, na hasa zenye weusi kwenye kile kichwa kilichoshikana na bunzi. Ukisikia harufu ya uvundo, usichague, rudisha zote. Ulizozitoa usizimwagie kuku wala kuzipeleka mashineni kusaga uji. Kuku huathirika, na ng'ombe wa maziwa huipitisha kwenye maziwa. Hata baada ya kupika, zile punje zilizogoma kupasuka usizitafune: nyingi ni zenye ganda lenye ufa, na ufa ndio mlango wa fangasi.

Ukinunua kwa wingi, sokoni Kibaigwa au Majengo, fanya jaribio la chumvi kabla ya kulipa. Chupa kavu ya kioo, chumvi kavu ujazo wa vijiko viwili vitatu, mahindi robo chupa, funga, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayo hayafai kuhifadhiwa. Mahindi ya bisi yana ugumu wake hapa. Ili yapasuke vizuri yanataka unyevu wa asilimia 13.5 hadi 14, na kiwango salama cha kuhifadhi mahindi ni kisichozidi 13.5. Yanaishi ukingoni. Ukiyaacha wazi msimu wa masika yananyonya maji na kuvunda. Ukiyaacha wazi Septemba, upepo wa Dodoma unayakausha mpaka nusu ya sufuria inagoma kupasuka. Dawa ya yote mawili ni kuyafungia hewa. Kwa debe au gunia, tumia mifuko ya kinga njaa, ukitoa hewa na kufunga kila tabaka peke yake. Wadudu wanakufa kwa kukosa hewa na hutahitaji kuchanganya dawa ya unga. Kwa kilo moja mbili, chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana inatosha.

Yakiwa yamekauka kupita kiasi, tia kijiko kimoja cha chakula cha maji, kisichojaa, kwa nusu kilo ndani ya chupa. Tikisa mara kadhaa siku ya kwanza, acha siku mbili hadi tatu, jaribu. Lowesha yale ya kutumia ndani ya wiki moja tu. Ukilowesha akiba yote na kuiacha kabatini, umemwalika fangasi mwenyewe.

Na usipasue kamwe mahindi ya mbegu kutoka duka la pembejeo, hata yakibaki na kukusikitisha. Rangi ile ya waridi au kijani ni dawa. Mahindi ya gunia yanayoacha vumbi jeupe lenye harufu kali kiganjani huenda yamechanganywa na dawa ya kuhifadhia. Muulize muuzaji imetiwa lini, na akisitasita, nenda meza nyingine.

Za mtaani, na huyo wa miaka 3

Bisi za mashine ya kioo hazina mfuko wa kutisha, lakini mahindi huyajui. Tazama sufuria ndogo iliyo ndani: ikiwa na gamba jeusi la mafuta ya juzi na ya juma lililopita, pita. Zilizotiwa rangi kali pita pia. Zisifungwe za moto kwenye kifungashio chembamba cha plastiki, na zisiwekwe kwenye gazeti wala karatasi za mitihani, kwani wino wake unahamia kwenye mafuta. Nenda na chombo chako. Wachuuzi wengi hawakatai.

Kuhusu mtoto wa miaka 3, sababu haina uhusiano na kemikali. Bisi ni nyepesi, ina kona, haiyeyuki mdomoni, na lile ganda jembamba hunasa kooni. Mtoto chini ya miaka 4 hatafuni vya kutosha, akicheka nayo mdomoni inaingia njia ya hewa, na huko haionekani vizuri kwenye picha ya eksirei. Akianza kukohoa ghafla baada ya kula bisi, kisha akawa na mluzi kifuani upande mmoja, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na umwambie daktari kwamba alikula bisi, hata kama kikohozi kimetulia. Kwa kuwa nyumba yenu ina mwenye pumu tayari, ni rahisi sana mluzi wa huyu wa miaka 3 ukadhaniwa ni pumu pia, akapewa dawa ya kuvuta wiki mbili, na bisi bado imo ndani.